Bangi Katika Chungu cha Chakula



Hapa Likasi tumeulizwa swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa. Vijana wengine waliokaa Ulaya, au waliozungumza na watu waliotoka huko, wameleta habari ya mapishi mapya: supu ya mboga inayoliwa baridi, na ndani yake hutiwa mafuta yaliyolowekwa bangi. Nao husema: "Hatuvuti. Hakuna moshi, wala mapafu hayaumii. Hiki ni chakula tu, na mboga ni afya. Basi dhambi iko wapi?"

Wako waliolicheka swali hilo. Sisi hatukulicheka. Swali la kijana likichekwa leo, kesho hatalileta tena kwa mkubwa. Atalipeleka kwa mwenzake asiyejua zaidi yake. Kwa hiyo yatupasa kulijibu kwa utaratibu, na kwanza kulijua jambo lenyewe, maana hukumu isiyotanguliwa na ujuzi haimsaidii mtu.

Kwetu Katanga supu baridi ni jambo la ajabu. Bukari hutaka mboga ya moto: sombe, lengalenga, matembele, au samaki wenye mchuzi. Lakini kila nchi ina desturi yake. Kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, jua la kiangazi ni kali mno. Tangu zamani wakulima wa huko waliponda mkate mkavu pamoja na vitunguu saumu, chumvi, siki na mafuta ya zeituni, wakatia maji, wakala shambani ili kupata nguvu na kuupoza mwili. Baada ya Kristofa Kolumbo kufika Amerika mwaka 1492, nyanya na pilipili kubwa zililetwa Ulaya, na baadaye zikaingia katika supu hiyo. Siku hizi huitwa gazpacho, nayo ni nyekundu, yenye matango ndani. Kilikuwa chakula cha watu maskini, ni kizuri, hakina hatia yoyote. Mama wa Likasi akitaka kukijaribu atapata karibu vyote sokoni.

Lililoongezwa ni yale mafuta. Nguvu ya bangi, ile inayogeuza akili, haipendi maji; hukaa katika mafuta. Ndiyo sababu wapishi hao huiingiza katika mafuta kwanza, na mafuta hayo huweza kutiwa katika keki, biskuti, mchuzi au supu. Nayo supu baridi yenye kitunguu saumu na siki ina ukali wake, na ukali huo huificha ladha ya jani. Mlishike neno hilo, wasomaji wapenzi: huificha.

Sasa tuone inavyofanya kazi mwilini. Mtu anayevuta bangi huisikia katika dakika chache. Anayeila hasikii kitu. Nusu saa yapita, pengine saa nzima, hata saa mbili, naye yu mzima kama kawaida. Wakati huo tumbo linasaga, damu inachukua, na ini linaigeuza sehemu ya nguvu ile kuwa kitu kingine chenye kuingia ubongoni kwa urahisi zaidi. Ndipo ulevi unapokuja, nao hukaa muda mrefu, saa sita au nane, na kwa watu wengine zaidi. Wengi hunaswa hapa: wakila kidogo na kuona kimya, husema, "Haina nguvu hii," wakaongeza. Kisha yote huwajia kwa pamoja: moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kutapika, hofu kubwa isiyo na sababu, na wengine kuona mambo yasiyokuwapo.

Katika nchi ya Kanada sheria iliruhusu bangi kwa watu wazima mwaka 2018, na vyakula vyenye bangi viliruhusiwa kuuzwa tangu mwaka 2019. Serikali iliweka mpaka: pakiti moja isipite miligramu 10 za nguvu ile inayolevya. Hata hivyo, madaktari wa huko waliona watoto wadogo wakiletwa hospitalini kwa wingi kuliko zamani, kwa sababu mtoto hajui kusoma pakiti; yeye huona kitu kitamu tu. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya nao wameonywa na vyombo vya serikali zao juu ya keki na biskuti zenye bangi. Ikiwa nchi yenye mizani, maabara na wakaguzi haikuweza kuwalinda watoto wote, tutasema nini sisi tunaomimina mafuta kwa kupima kwa macho?

Tuchukue mfano mmoja. Tuseme kuna dereva wa lori anayekaa Kikula. Amealikwa na shemeji yake siku ya ubatizo wa mtoto. Anapewa supu ile, anaisifu, anaongezewa. Hakuambiwa lolote, maana vijana wa nyumbani wanataka kumchezea na kucheka. Baada ya saa moja anaaga. Akili yake ni safi, miguu yake ina nguvu, hana sababu ya kuogopa. Anapanda lori kwenda Lubumbashi, safari ya kilometa 120 hivi. Juu ya magunia wamekaa akina mama wawili na watoto wao. Wanapokaribia Kapolowe, mikono ya dereva inakuwa mizito. Barabara inaonekana kurefuka. Taa za gari linalokuja anaziona kuwa mbali, kumbe zimefika.

Hapo twauliza: ni nani mwenye dhambi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya ulevi katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliyelewa kwa sababu hakujua ukali wa alichokunywa, wala hakuzembea, hana dhambi. Alimtaja Noe, aliyepanda mizabibu akanywa divai, akalala uchi hemani mwake. Basi dereva wetu hana hatia ya ulevi. Lakini dhambi haikuyeyuka kwa sababu mlevi hana hatia. Imebaki mkononi mwa yule aliyemimina. Kitabu cha Mwanzo chasimulia pia habari za binti za Loti waliomnywesha baba yao divai ili wafanye naye jambo ambalo angelikataa kama angelikuwa na akili zake. Na nabii Habakuki amtangazia ole yule anayemlevya jirani yake. Katika Maandiko hayo hatuoni lawama juu ya mzabibu. Lawama iko juu ya mtu aliyetumia kikombe ili kumnyang'anya mwenzake akili.

Hapa ndipo tunapolifikia neno tunalotaka kulisema. Ubaya wa kwanza wa supu ile hauko katika jani. Uko katika chungu. Chakula ni jambo la kuaminiana kupita mambo mengi. Tunaponunua nguo twaigeuza pande zote. Tukikopeshana fedha twataka shahidi. Lakini nani akiketi kwa ndugu yake huuliza kila kitu kilichotiwa katika mboga? Mtoto hufungua kinywa mbele ya kijiko cha mama yake bila kuuliza neno, na sisi wakubwa hatupiti sana mtoto huyo. Anayekula kwa mtu amekwisha kusema "ndiyo" kabla ya kuulizwa. Basi mpishi ameshika mkononi "ndiyo" ya watu wote waliomo chumbani. Akitia ndani yake kitu ambacho wangekikataa kama wangekijua, amewaibia, ingawa hakugusa mifuko yao.

Wazee wetu waliyajua hayo. Katika makabila mengi ya kwetu mwenye pombe hunywa yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa. Hiyo haikuwa ulafi. Ilikuwa namna ya kusema: kilichomo ndani ya kibuyu nakijua, nami nakubali kinipate mimi kwanza.

Wala bangi yenyewe si ngeni katika nchi hii. Jamaa nyingi za Likasi zina asili ya Kasai, kwa kuwa Union Minière iliwaleta babu zao kufanya kazi hapa, mji ulipokuwa ukiitwa bado Jadotville. Watu hao wana habari ya Bena Diamba, maana yake watu wa bangi. Katika miaka ya 1870, kando ya mto Lulua, chifu Kalamba Mukenge na watu wake walishika desturi mpya: walivuta bangi pamoja kwa vibuyu vikubwa, wakaitana marafiki, wakitafuta amani baina yao. Wajerumani wawili, Pogge na Wissmann, walipita kwao mwaka 1881 wakaandika waliyoyaona. Nasi hatuisifu dini ile. Lakini tutazame mambo mawili. La kwanza, walivuta mbele ya wote. Aliyekuwapo alijua kinachopita mkononi mwake. La pili, wasafiri hao waliandika kwamba mtu aliyekosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi nyingi, hata kupoteza fahamu. Kumbe hata wale walioiheshimu bangi walijua kwamba kumlazimisha mtu kuipokea ni adhabu. Basi anayeitia kwa siri katika supu ya mgeni wake amemwadhibu mtu asiye na kosa, tena mezani pake mwenyewe.

Tumtazame pia Bwana wetu Yesu Kristo. Pale Golgota askari walimpa divai iliyotiwa manemane. Mtakatifu Marko asema hakuipokea. Mtakatifu Mateo asema aliionja, asitake kunywa. Ni jambo la kufikiri sana: hata watu waliokuja kumsulubisha walimpa kikombe ambacho aliweza kukitambua na kukikataa. Je, sisi tumnyime ndugu yetu nafasi hiyo katika karamu ya ubatizo?

Sasa mtu atatujibu: "Mmesema vema juu ya kudanganya. Lakini sisi hatumdanganyi mtu. Tumekusanyika wanne, watu wazima, sote tunajua kilichomo, sote tumekubali. Hapo je?"

Hili ni pingamizi la haki, nalo halijibiwi kwa ukali. Kwanza, sheria ya Kongo inakataza bangi, na raia mwema hawezi kuidharau sheria ya nchi kwa ajili ya starehe tu. Lakini tuseme sheria ingebadilika kesho, kama ilivyobadilika Kanada. Bado kuna jambo la kufikiri.

Chakula kina kipimo chake, nacho ni njaa. Mtu hula mpaka ashibe, kisha mwili wenyewe humwambia: yatosha. Kilevi kina kipimo kingine, tena kidogo sana, nacho njaa haikijui. Ukivichanganya viwili hivi katika bakuli moja, umeondoa mlinzi. Mwenye njaa zaidi ndiye atakayelewa zaidi. Aliyeshinda bila kula tangu asubuhi ndiye atakayeomba bakuli la pili. Kati ya zile fadhila nne kubwa, busara, haki, nguvu na kiasi, hii ya kiasi hutegemea mtu aweze kujua amefika wapi. Na katika supu ile mtu hajui amefika wapi mpaka amekwisha kupita.

Tena, akili haikutolewa kwa ajili ya mwenyewe tu. Wazee husema akili ni mali. Nasi twaongeza kwamba mali hii ina warithi. Baba aliyekula supu ile saa mbili usiku amejifunga mpaka alfajiri. Mtoto akishikwa na homa ya malaria usiku wa manane, ni nani atakayembeba hospitalini? Mama akianza uchungu wa kuzaa, ni nani atakayetafuta gari? Twawajua pia wachimbaji wa mikono wanaotumia bangi ili wasiogope kushuka shimoni. Twawahurumia, maana njaa ya watoto ndiyo inayowasukuma. Lakini uoga wa kushuka katika shimo lisilo na nguzo ni mlinzi aliyewekwa na Mungu mwenyewe. Ukimlevya mlinzi, shimo halikuwa salama kwa hiyo. Limebaki vilevile, ila wewe huoni.

Kwa sababu hizo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kutumia madawa ya kulevya, isipokuwa kwa ajili ya tiba kweli, ni kosa kubwa, kwa kuwa yanadhuru afya na uhai wa mtu. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, mwaka 2014, alikataa wazo la kuyaruhusu kwa sheria hata yale yanayoitwa mepesi.

Kuna tena mwenye kuuliza: "Na bia je? Karamu zetu zina chupa za Simba, na Padri mwenyewe hunywa glasi moja." Ni kweli, nasi hatutaki kupima kwa vipimo viwili. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na Kanisa halikatazi kinywaji. Bia hujitangaza: ina chupa yake, harufu yake, povu lake, na mtu aweza kunywa glasi moja kwa furaha akabaki na akili zake zote. Lakini mafuta ya bangi hutiwa katika supu kwa kusudi moja tu, yaani kuigeuza akili. Ukiondoa kusudi hilo, mafuta ya kawaida yangetosha. Na yule anayekunywa bia au lutuku kwa kusudi lilo hilo, hata asimjue mke wake anaporudi nyumbani, asijifiche nyuma ya glasi ya Padri. Hukumu ni moja kwake na kwa mla supu. Wazazi wanaowakaripia vijana kwa ajili ya bangi huku wenyewe wakibebwa kutoka katika nyumba ya pombe, wajue kwamba vijana wana macho.

Wala tusilitukane jani lenyewe kana kwamba shetani ndiye aliyeliumba. Mungu aliona kila alichokiumba kuwa chema. Kwa nyuzi za mmea wa jamii hiyo watu wa Ulaya walisuka kamba na matanga ya merikebu kwa karne nyingi, na mbegu zake zaliwa wala hazilevyi. Madaktari nao wametoa humo dawa. Mwaka 2018 nchi ya Marekani ilikubali dawa iliyotengenezwa kutoka katika mmea huo kwa watoto wenye kifafa kikali cha namna fulani, na mwaka 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliondoa bangi katika orodha ya madawa yaliyobanwa kupita yote, ijapokuwa iliiacha chini ya ulinzi. Lakini tazameni tofauti: dawa ile imepimwa, jina lake limeandikwa juu ya chupa, daktari amesema kiasi, na wazazi wa mgonjwa wanajua anachopewa. Kila kitu kiko mwangani. Basi mgonjwa mwenye maumivu asidhani kwamba supu ya jirani ni hospitali. Aende kwa daktari.

Basi, tufanye nini? Wazazi, msiwapige vijana wanaouliza. Waelezeni kwa nini. Nanyi vijana, msimchezee mtu kwa chakula, hata kwa mzaha, hata kwa siku moja. Mzaha unaoanza jikoni waweza kuishia barabarani. Mwenye kujua kwamba chungu kina kitu cha namna hii asikae kimya kwa kuogopa kuonekana mchongezi. Aseme kabla sahani hazijagawiwa. Na ikiwa mtu amekwisha kula, asiachwe peke yake, asiendeshe gari wala pikipiki, asipewe pombe juu yake. Ikiwa ni mtoto, apelekwe hospitalini mara moja, na daktari aambiwe ukweli wote bila haya. Afadhali kuona haya kwa saa moja kuliko kumlilia mtoto.

Nanyi akina mama, na ninyi nyote mnaopika, tunawapa kipimo kimoja chepesi. Katika nyumba ya Mkristo, kabla ya kula, tunafanya ishara ya msalaba na kumwomba Mungu akibariki chakula kilicho mbele yetu. Kabla ya sala hiyo, mpishi na ajiulize kama anaweza kutaja kwa sauti, mbele ya wageni na watoto, kila kitu alichotia ndani ya chungu. Akiweza, na aombe, kisha watu wale kwa amani. Kama kipo kitu kimoja ambacho ulimi wake unaogopa kukitaja, asiwape watu chakula hicho. Akimwage, awapikie kingine.